Maagizo ya Nyamisati

Mtu wa Kibiti akisafiri hasafiri peke yake, husafiri na maagizo ya watu. Ukiaga jioni kwamba kesho unashuka gatini Nyamisati, kukipambazuka utakuta barazani kwako ndoo, viroba na salamu. Usipoaga, utaambiwa umepita kimyakimya ili usisumbuliwe, na hilo ni baya zaidi. Mji huu umewasamehe wezi wa kuku, umewasamehe walevi, umewasamehe hata watu wanaosemwa kwa uchawi, lakini haujapata kumsamehe mtu aliyekwenda Nyamisati na gari akarudi bila mtungo wa samaki wa jirani.

Waride alilijua hilo kuliko wengi, maana yeye alikuwa dereva wa mradi wa kuhifadhi mikoko ya delta ya Rufiji, na kazi yake ilikuwa kushuka Nyamisati na kurudi, wiki kwa wiki, masika na kiangazi.

Udereva aliupata kwa ukaidi. Alipoachika hakukaa kwa mama yake kungoja posa ya pili kama watu walivyompangia. Alikwenda chuo cha ufundi, akajifunza kushika usukani, akarudi na leseni. Mji ukapata la kusema. Mwanamke gani anaendesha pikapu ya milango minne, anashinda njiani na wanaume wa kazi, anakula magatini? Waride hakumjibu mtu. Alianza kuleta samaki. Alimletea jirani wa kushoto na wa kulia, akamletea mke wa imamu, kisha akawaletea wale wenye ndimi kali kupita wote. Haukupita mwaka, maneno yakakatika, kwa kuwa kinywa kilichojaa changu wa kukaanga hakina nafasi ya kusengenya. Wakambadilishia jina. Sasa alikuwa mtu mwema. "Waride hana hapana," walisema, na yeye kila alipolisikia neno hilo alijiona kama bibi harusi anayeimbiwa.

Wala hakuwa mjinga asijue anachofanya. Heshima yake alikuwa ameinunua kwa ndoo za samaki, na heshima ya namna hiyo huoza upesi kama samaki wenyewe. Kila wiki lazima iletwe mpya.

Basi gari la mradi likawa na safari mbili ndani ya safari moja. Nyuma, kwenye bodi, ilikaa mizigo ya mradi: miche ya mikoko, mapipa ya mafuta ya boti, mabuti ya tope. Maagizo, kwa kuwa ni mambo ya heshima, yalipanda ndani. Mchele haukutakiwa kulowa, samaki hawakutakiwa kuingia vumbi, na mkaa wa meneja haukutakiwa kuonekana. Ndiyo, mkaa. Meneja wa mradi wa kuhifadhi mikoko alipikiwa kwa mkaa wa huko huko delta. Alisema si wa mikoko, ni wa miti mingine, na ofisi nzima ikamwamini kwa sababu ofisi nzima ilikuwa inangoja zamu yake ya kuagiza.

Aliyekaa na mizigo hiyo kiti cha nyuma alikuwa Habiba, afisa misitu wa mradi, binti wa kijiji cha Mtawanya aliyetoka chuo kikuu miaka miwili tu nyuma. Alikuwa mpole wa kupitiliza, wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Kiti cha mbele kilikuwa cha ndoo za barafu, maana huko kiyoyozi kilipiga vizuri. Mikanda ya kiti cha nyuma ilikuwepo, mizima kabisa, ila vifungio vyake vilikuwa chini ya magunia na Habiba hakuwa amevigusa tangu aajiriwe.

Mambo yalikuwa hivyo hadi mradi ulipoletewa semina.

Wafadhili walitaka watumishi wote wanaoendesha magari na pikipiki kwa ajili ya kazi wafundishwe usalama. Akaletwa mtaalamu kutoka Dar es Salaam, bwana Mudathiri, mtu wa suti na marashi, akagawa fulana za manjano zilizoandikwa kifuani "Usalama Kwanza". Zote zilikuwa kubwa kupita kiasi, kwa hiyo watu wakazivaa juu ya nguo zao na ukumbi ukaonekana kama shamba la alizeti. Mudathiri akaonyesha picha za magari yaliyokunjamana. Akasema dereva asipokee simu. Akasema abiria wa nyuma naye afunge mkanda. Akasema mzigo usiofungwa ndani ya gari, gari likisimama ghafla, wenyewe hausimami. Watu wakatikisa vichwa kwa huzuni, wakamega sambusa.

Mwishoni meneja, bwana Sufiani, akasimama akamtangaza Waride kuwa dereva bora wa mradi, hajapata kukwaruza hata kioo. Makofi yakapigwa. Waride akainama kwa haya, lakini moyoni alikuwa amekaa juu ya kiti cha enzi.

Hata vikombe vya chai havijakusanywa, Mwanaharusi, mhasibu, alikuwa amekwisha kumshika mkono.

"Shoga yangu, kesho si unashuka?"

"Nashuka."

"Basi nna ndoo yangu. Kamba wa bahari, wale wakubwa. Si wale uloniletea siku ile, vidagaa vyenye masharubu."

"Nitakuchagulia."

"Ndio maana nakupenda. Mwingine ningemwambia hapa angeanza kunihubiria fulana."

Wakacheka, fulana zikitikisika. Kisha akaja Sufiani, akamvuta kando kama anayetaka kumpa siri ya serikali.

"Dada Waride, pale gatini kuna mzee kaniwekea kidumu cha asali. Ni zawadi ya mkubwa mmoja, isije ikapata neno. Kifuniko chake hakibani vizuri, usikiweke nyuma kikalala. Kiweke hapo hapo miguuni pako, ukione."

"Miguuni, bosi?"

"Kwani miguuni kuna nini? Wewe ndiye dereva bora."

Na mtaalamu mwenyewe, kabla hajazima ile mashine yake ya picha, alimwita Waride kwa sauti ya upole. "Mama, mimi mgeni, sijui taratibu zenu. Lakini nimesikia mchele wa bonde la Rufiji hauna mfano. Ingekuwa vizuri nisirudi mikono mitupu."

"Kilo ngapi, mwalimu?"

"Aa, gunia tu."

Waride akasema sawa. Neno hilo lilitoka lenyewe, kama chafya.

Kesho yake walishuka, yeye na Habiba, gari likiwa jepesi na njia kavu. Habiba alikuwa na kikao na akina mama wanaopanda mikoko. Kikao kilikwisha mapema, lakini safari haikwisha, kwa sababu mzee wa asali alikuwa amekwenda msibani, kamba wakubwa walikuwa hawajateremshwa, na mchele ulitakiwa upepetwe upya. Habiba akakaa gatini juu ya jiwe, akasoma kitabu chake hadi kikamwishia. Walipoondoka wingu lilikuwa limeshaanza kukunja uso upande wa Bungu.

"Umekaa, mdogo wangu?" Waride aliuliza, akitazama kwenye kioo. Aliona nusu ya uso wa Habiba. Nusu nyingine ilikuwa nyuma ya gunia la mtaalamu wa usalama.

"Nimekaa, dada."

"Una nafasi?"

"Ipo."

Haikuwepo. Lakini binti aliyelelewa vizuri hamwambii mkubwa wake kwamba amembana, na dereva mwema hamwulizi mtu mara ya pili anapojua jibu litamlazimu kushusha mzigo.

Waride alikimbiza gari ili mvua isiwakute kwenye udongo. Yeye mwenyewe alikuwa amefunga mkanda barabara, kama inavyompasa dereva bora. Kidumu cha asali kilikuwa sakafuni, ubavuni mwa mguu wake wa kushoto, na kila gari liliporuka kwenye shimo alikisukuma kwa kisigino kirudi mahali pake. Simu ikalia. Alikuwa Mwanaharusi.

"Wana macho meusi au yamepauka?"

"Meusi."

"Umewatazama wewe mwenyewe, au umeambiwa?"

Waride akashika usukani kwa mkono mmoja, akaapa kwamba amewatazama mwenyewe, mmoja mmoja. Asingepokea, ingesemwa ofisini kwamba siku hizi Waride anajisikia. Simu ikakatika, ikalia tena. Huyu alikuwa meneja.

"Asali imesimama?"

"Imesimama, bosi."

Alikwisha kusema ndipo akainama kutazama. Ilikuwa imelala.

Alipoinua macho, bodaboda ilikuwa imetoka kwenye kijia cha mikorosho na viroba vyake, imejaa barabara nzima. Waride akakanyaga breki. Breki ikashuka kidogo ikagota, kama mtu aliyekataa katikati ya neno. Kidumu kilikuwa chini yake, kimekaa sawasawa kama kimepimwa na fundi. Akakanyaga tena kwa nguvu zake zote, haikwenda. Akaukata usukani kushoto, gari likaacha njia, likaruka mtaro, likaenda kuukumbatia mkorosho.

Mkanda ulimrudisha kitini na kumwachia maumivu ya kifua. Huko nyuma hakukuwa na cha kumrudisha mtu. Gunia lilikuja mbele, na Habiba akaja nalo.

Mwenye bodaboda, kijana mmoja wa Bungu aitwaye Dulla, ndiye aliyemtoa Habiba kati ya viti, taratibu, akimwongelesha asije akalala. Mkono wa kulia ulikuwa umekwenda upande ambao mkono hauendi. Habiba hakulia. Alikuwa akiomba radhi kwa damu iliyochuruzika kwenye kiti. Mchele ulikuwa umemwagika kila mahali. Kamba walikuwa sakafuni na barafu yao. Kidumu cha asali hakikupasuka, na hilo lilikuja kumfurahisha sana meneja.

Simu ikalia tena. Waride akampa Dulla apokee.

Dulla akasikiliza. "Dada, kuna mama anaulizia kamba wake."

"Mwambie tumepata ajali."

Dulla akasema, akasikiliza tena, akaishusha simu polepole. "Anasema poleni sana. Anauliza, barafu imeyeyuka?"

Hospitalini walimfunga Habiba hogo la plasta kuanzia begani hadi vidoleni, wakamshona nyuzi juu ya nyusi. Waride akakaa kando ya kitanda, akitafuta neno la kuanzia. Habiba ndiye aliyeanza.

"Nilikuwa nataka kukwambia, dada."

"Nini?"

"Tushushe gunia. Nifunge mkanda. Tangu siku ile tuliporudi na mkaa nilikuwa nataka kukwambia. Nikaona aibu. Utaniona najifanya msomi."

"Na mie nilikuwa nakuona," Waride akasema. "Kila safari nilikuwa nakuona kwenye kioo."

Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mkorofi wala mlevi wala mwendawazimu. Walikuwa karibu wafe kwa adabu njema. Waride alilitazama lile hogo jeupe akajua kwamba mkono ukipona Habiba atarudi kiti kile kile, na maagizo yatarudi, na yeye atasema sawa. Hilo lilimtisha kuliko mkorosho.

Watu wakaja kumpa pole nyumbani. Kila mmoja alikaa kidogo, akamshukuru Mungu, kisha macho yake yakaanza kutembea pembe za chumba. Jirani mmoja alikwenda hadi uani kunawa mikono, mikono ambayo haikuwa michafu, akarudi akasema kwa upole kwamba kumbe mitungo ya samaki haikuletwa huku.

Siku ya kikao Sufiani alifunga mlango wa ofisi mwenyewe. Walikuwemo Mwanaharusi, na Mudathiri aliyerudishwa kutoka Dar es Salaam aje atamke chanzo cha ajali, na Waride.

"Tusiumizane," Sufiani alianza. "Ajali ni ajali. Mimi naona ng'ombe."

"Ng'ombe gani?" Mudathiri akauliza.

"Ng'ombe alikatiza. Kule wapo wengi, wanakatiza kila siku. Waride akamkwepa. Dereva hana kosa, ofisi haina kosa, wafadhili wanaridhika. Habiba akipona mambo yanaendelea kama kawaida."

"Hata mie nimesikia kuna ng'ombe," alisema Mwanaharusi, ambaye siku ile hakuvuka barabara ya lami.

Wote wakamgeukia Waride. Hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Walikuwa wanamwomba jambo dogo, na Waride ni mtu mwema.

Waride alihisi "sawa" ikipanda kooni, ile ile, kama chafya. Ilikuwa na utamu wake. Akiiachia, kesho atasalimiwa kuanzia sokoni hadi stendi. Akiirudisha, miaka yote ya samaki imekwenda bure.

"Hakukuwa na ng'ombe," akasema.

Sufiani akatabasamu. "Dada Waride, hatusemi alikuwepo. Tunasema alikatiza."

"Hakukuwepo, hakukatiza. Kulikuwa na kidumu chako chini ya breki. Na simu yako sikioni mwangu. Habiba hakufunga mkanda kwa sababu juu ya mkanda kulikuwa na gunia la huyu bwana aliyetufundisha kufunga mkanda."

Mudathiri akaanza kuipangusa miwani yake, ambayo haikuwa na vumbi.

"Na nani alikubali kubeba?" Mwanaharusi akadakia. "Tulikufunga kamba tukakulazimisha? Si ulikuwa unachekelea?"

"Nilikuwa nachekelea," Waride akasema. "Nilipenda mnisifu. Andikeni na hilo. Lakini kuanzia leo gari lile halibebi hata kitunguu cha mtu."

Sufiani hakutabasamu tena. "Waride, mimi nilikuwa nakujua kuwa una moyo. Usituharibie. Watu watakuonaje?"

"Watasema nina roho mbaya."

"Sasa unataka hilo?"

"Habiba ana mkono mmoja uliobaki, bosi."

Mambo yalikwenda kama mambo ya ofisi yanavyokwenda. Waride akapewa onyo kali kwa kubeba mizigo isiyo ya kazi, na waliompa onyo ni wenye mizigo. Meneja alihuzunika kwa muda wa kutosha, kisha akaipeleka asali yake Dar es Salaam kwa basi. Mtaalamu alipendekeza semina ya pili na fulana za rangi nyingine. Ila ukweli ulikuwa umeshasemwa mbele ya mgeni wa Dar es Salaam, haukuweza kurudishwa mdomoni, na mizigo ya watu ikapigwa marufuku kwenye gari la mradi. Marufuku hiyo ilikuwa na mlinzi mmoja tu, naye alikaa kwenye usukani.

Mji haukuchelewa kumlipa. Salamu zilipungua, kisha zikafupika. Wale wale waliokula changu wake walikumbuka ghafla kwamba mwanamke dereva hajawahi kuwa na haya. Mama muuza vitumbua, aliyezoea kumwongezea kimoja, sasa alimhesabia kwa kidole. Ilisemwa kwamba Waride amepewa cheo, kwamba ana mganga, kwamba anapeleka samaki wote kwa bwana mmoja Mkuranga. Roho mbaya lilikuwa ndilo jina jepesi kati ya yote aliyopewa.

Liliuma. Asiyejua uchungu wa kusalimia barazani na kujibiwa na kikohozi asilifanyie mzaha. Kwa wiki kadhaa Waride alipita njia za nyuma ya nyumba kama mdaiwa. Alishuka Nyamisati, akarudi na kiti cha nyuma kitupu, na pale gatini wachuuzi walimwonyesha kamba wakubwa wenye macho meusi kama wanaomtania.

Zawadi, katibu wa ofisi, alipoozwa, Waride alikwenda kwa kuwa asingekwenda ingekuwa kesi nyingine. Wanawake wakakaa mikekani uani, na pilau ikaanza kuletwa kwa masinia, watu watano watano kwa sinia. Waride akakaa. Sinia likawekwa mbele yake, na mkeka uliomzunguka ukabaki mtupu; wenzake walikuwa wamebanana saba saba kwenye masinia ya pembeni, wakipigana viwiko, lakini huku hakuja mtu.

Akaja Habiba, hogo lake limening'inia kwenye mtandio, akakaa mbele yake. Akautazama wali, akautazama mkono wake wa kulia. Wa kushoto asingeutia siniani mbele za watu. Waride akanawa, akafinyanga tonge, akamlisha. Akafinyanga jingine, akala mwenyewe. Walikuwa na sinia la watu watano na hawakuwa na haraka.

Walipofika katikati ya sinia, Mwanaharusi akaja na vitenge vyake vipya, akachuchumaa, akaweka mkono begani kwa Waride kana kwamba hapajatokea kitu.

"Shoga, yaliyopita si ndwele. Kesho unashuka?"

"Nashuka."

"Nna kindoo. Kidogo tu, hata mtu hakioni. Nitakufungia na kitambaa."

Habiba aliinamisha kichwa, akawa anatazama zabibu kavu kwenye pilau. Masinia ya jirani yakanyamaza ili yasikie.

"Hapana," Waride akasema.

Mwanaharusi akangoja maneno mengine, kwa sababu neno hilo huku huja na nduguze: samahani, na siku nyingine, na Mungu akipenda. Hayakuja. Akainuka, akakung'uta kitenge, akaenda kukaa mahali ambapo angeweza kusema vizuri zaidi.

"Fungua mdomo," Waride akamwambia Habiba, "wali unapoa."